Sanduku Jipya la Gia Haliponyi Ugonjwa wa Zamani

Si jambo geni, ukipita kwenye gati za Port Bell, Ggaba au Munyonyo, kuiona mashua nzuri ya tanga imefungwa wiki baada ya wiki, rangi yake ingali inang'aa na matanga yake yamekunjwa kwa utaratibu, lakini haiendi popote. Ukimwuliza mwenyewe sababu, atakujibu kwa neno moja kwamba giaboksi imekufa. Ukimwuliza imekufaje, mara nyingi atanyamaza. Swali hilo la pili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu kwa maoni yetu ndilo linaloamua kama fedha zitakazotumika zitaleta faida au zitazama ziwani.

Kwa faida ya wasomaji wetu ambao si watu wa majini, inafaa tueleze kwa ufupi. Mashua ya tanga ya siku hizi hufungwa injini ndogo ya dizeli ndani ya bodi yake. Kati ya injini hiyo na shafti inayozungusha rafadha huwekwa sanduku la gia. Kazi zake ni tatu. Kwanza, hupunguza mwendo wa injini, mara nyingi kwa kiasi cha nusu hivi, ili rafadha izunguke polepole kwa nguvu zaidi. Pili, hubadili mwelekeo, mbele au nyuma, au huiachia rafadha isimame. Tatu, na hii ndiyo kazi inayosahauliwa, beringi zake hupokea msukumo wote wa rafadha, kwa maana chombo kizima husukumwa mbele kupitia sanduku hilo katika mashua nyingi za namna hii.

Wapo wasemao kwamba mashua yenye tanga haina haja ya kuharakisha matengenezo ya mashine, maana upepo ni wa bure. Maneno hayo hayana msingi. Upepo wa ziwa letu hauna ahadi: asubuhi unaweza kulala kabisa, na alasiri ikaja tufani ya ghafla kutoka nyuma ya kisiwa. Tena katika Ghuba ya Murchison, penye vyombo vingi na nafasi ndogo, hakuna nahodha mwenye akili anayeingia gatini kwa tanga tupu ikiwa anaweza kuepuka. Inafaa ieleweke wazi kwamba mashua haina breki. Gia ya kurudi nyuma ndiyo breki yake. Mwenye kwenda majini na gia inayoteleza ni sawa na dereva anayeshuka mlima wa Kabale bila breki, huku akijifariji kwamba honi inalia vizuri.

Tunaona mazoea mawili mabaya katika jambo hili. La kwanza ni la wenye uwezo, ambao wakisikia tu kelele au kuona gia inateleza huagiza sanduku jipya kutoka ng'ambo. Fedha za kigeni hutumika, mzigo husafiri baharini hadi Mombasa, kisha husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala, na ushuru hulipwa. La pili ni la wasio na uwezo, au wasio na subira, ambao hufunga giaboksi ya gari badala ya ile ya mashua. Giaboksi ya gari haikuundwa kupokea msukumo wa rafadha, na gia yake ya kurudi nyuma ni ya kuegesha gari, si ya kuzuia chombo chenye uzito wa tani kadhaa. Mazoea haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini mzazi wao ni mmoja: kutotafuta chanzo.

Tunamjua mwenye mashua mmoja wa hapa Kampala ambaye sanduku lake lilianza kuteleza katika gia ya mbele. Aliagiza jipya, likafungwa kwa siku moja, akashangilia. Kabla ya mwaka kwisha, jipya nalo likaanza kuvuja oili na kunguruma. Ndipo alipopatikana fundi mzee, ambaye hakuligusa sanduku kwanza. Alifungua bolti za flanji inayounganisha sanduku na shafti, akaingiza vile vipimo vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila, akakuta upande mmoja una uwazi mkubwa kuliko mwingine. Raba za kukalia injini zilikuwa zimechoka na injini imelala upande. Shafti ilikuwa ikilivuta sanduku kombo kila mzunguko. Sanduku la kwanza liliuawa na raba; la pili lilikuwa njiani kuuawa na raba zilezile. Sanduku jipya haliponyi ugonjwa wa zamani.

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba chombo kikikwama, swali la kwanza la ofisa si nani wa kulaumiwa wala kipuri kiko wapi, bali ni nini kilichotokea kwa mfuatano wake. Kanuni hiyo yafaa majini kama ifaavyo nchi kavu. Kabla ya kulihukumu sanduku la gia, yapo mambo ya nje ambayo hayana budi kuchunguzwa, na mengi yake hayahitaji ila spana na subira.

La kwanza ni waya unaotoka kwenye mkono wa nahodha hadi kwenye kishikio cha sanduku. Waya ukilegea au ukiganda, kishikio hakifiki mwisho wa safari yake, klachi hushika nusu, huteleza, hupata moto na kuungua. Mtu akiufungua waya na kukisukuma kishikio kwa mkono, kisha gia ikashika barabara, basi ugonjwa umeonekana, na dawa yake ni waya tu. La pili ni oili. Masanduku mengi ya mashua ndogo huchukua oili isiyofika lita moja, kwa hiyo upungufu mdogo ni hasara kubwa. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa inasema kwamba maji yameingia, ama kupitia sili au kupitia kipoza oili kilichotoboka. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zimeteketea. Oili yenye vipande vya chuma inasema meno ya gia au beringi zimevunjika. La tatu ni bamba lenye springi lililo kati ya injini na sanduku. Bamba hilo likichoka hugongagonga injini ikizunguka polepole, na likikatika injini hunguruma bila mashua kusogea, hata mwenyewe akaapa kwamba sanduku limekufa ilhali ni zima. La nne ni rafadha yenyewe na ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishikilia kwenye shafti.

Kuhusu rafadha, sisi wa ziwa hili tuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana. Magugu maji yalianza kuonekana upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yaliwahi kuifunika Port Bell hata vyombo vikubwa vikapata taabu kupita. Yangali yanakuja na kuondoka kwa kufuata upepo. Magugu hayo, pamoja na vipande vya nyavu za nailoni vilivyotupwa, hujiviringisha kwenye shafti na kuikaba ghafla injini ikiwa katika nguvu. Mshituko huo hauishii kwenye rafadha. Hupanda hadi kwenye klachi. Nahodha anayejaribu kuyakata magugu kwa kupiga gia mbele na nyuma kwa nguvu anakata maisha ya sanduku lake kwa mkono wake mwenyewe. Lililo jema ni kuzima injini na kusafisha.

Iwapo baada ya uchunguzi huo imethibitika kwamba ugonjwa umo ndani ya sanduku, ndipo swali la kutengeneza au kubadilisha linapokuwa na maana. Kwa maoni yetu, ikiwa bodi ya sanduku haina ufa, meno ya gia ni mazima, na kilichoharibika ni klachi, sili au beringi ambazo kiwanda bado kinaziuza, basi litengenezwe. Beringi na sili nyingi zina namba za kimataifa na huweza kutafutwa katika maduka ya Kampala kabla ya kuandika barua ng'ambo. Lakini bodi ikiwa imepasuka, meno yameliwa, au vipuri vyake havitengenezwi tena, kulifufua ni kujidanganya. Hapo libadilishwe bila kusitasita.

Hata hivyo, kubadilisha kuna masharti yake. Sanduku jipya lazima lipunguze mwendo kwa kiasi kilekile na kuizungusha shafti upande uleule kama la zamani, au la sivyo rafadha nayo ibadilishwe. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko huo. Rafadha iliyochaguliwa kwa ajili ya bahari yaweza kuwa mzigo mzito kupita kiasi hapa. Tena, kulinganisha injini na shafti kufanyike mashua ikiwa majini, kwa sababu bodi hubadilika umbo kidogo inapopandishwa nchi kavu. Kwa flanji yenye upana wa sentimita 10, tofauti ya uwazi isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Na mashua inapokwenda kwa tanga, injini imezimwa na rafadha inazungushwa na maji, nahodha afuate agizo la kiwanda: masanduku mengine yataka yafungwe katika gia ya nyuma, mengine yaachwe huru.

Wapo watakaosema kwamba vitu vya zamani havina thamani ya kushughulikiwa. Hao tunawaelekeza Kigoma, katika Ziwa Tanganyika. Meli ijulikanayo leo kama MV Liemba ilizinduliwa huko mwaka 1915 na Wajerumani kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, walipolazimika kurudi nyuma, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mainjinia wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali yafaa, na meli ikarudi kazini mwaka 1927. Iliendelea kwa mvuke kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Hapo pana mafunzo mawili: kitu kilichotunzwa hutengenezeka hata kikikaa chini ya maji miaka kadhaa, na wakati wa kubadilisha ukifika, kibadilishwe kwa mpango.

Wala mitambo mipya peke yake haimwokoi mtu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na kuua watu zaidi ya 220, kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa ya injini miezi michache kabla. Kilichowaua watu wale si injini, bali kupakia kupita kiasi. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakuu walieleza kwamba ilizidi abiria na kwamba hali yake ilikuwa mbovu. Askari, polisi na wavuvi walioingia majini usiku ule kutafuta watu hawakuwa na nafasi ya kuuliza chombo kilitengenezwa lini na nani. Kila mashua inayotoka ikiwa na gia mbovu inaweka rehani maisha ya waliomo, na ya wale watakaotumwa kuwaokoa pia.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Wenye mashua wawe na daftari la chombo, wakiandika siku oili ilipotazamwa, ilipobadilishwa na rangi yake ilikuwaje. Daftari hilo litamwambia fundi mengi kuliko kelele za injini. Mafundi wetu wa Katwe, ambao wanajulikana kwa kuchonga karibu kila kitu cha chuma, wasiogope kumwambia mteja, "Kwanza tutafute sababu," hata kama mteja ana haraka na fedha mkononi. Na vyuo vyetu vya ufundi, kama vile cha Nakawa, na Taasisi ya Mafunzo ya Uvuvi ya Entebbe, vingefanya jambo jema kuwafundisha vijana mitambo ya majini kwa kina kama wafundishwavyo mitambo ya magari, maana nchi yenye ziwa kubwa kama hili na visiwa 84 vya Ssese haiwezi kuendelea kuitibu mashua kama lori.

Wahenga walisema, mwana wa maji wa Kwale kufa maji mazoea. Mazoea ya kufunga kipya bila kuuliza cha zamani kilikufaje yamekwisha kutugharimu fedha nyingi. Hatuna budi kuyaacha kabla hayajatugharimu watu.