Pointi Huugua, Elektroniki Hufa Ghafla

Wiki iliyopita, baada ya kikao cha harusi, mpwa wangu aliinua boneti ya Peugeot 404 yangu, akachungulia, akacheka. "Mjomba, bado uko na pointi? Funga elektroniki, usahau." Vijana waliomzunguka wakaafiki kwa vichwa, na wazee wawili wa rika langu wakaafiki pia. Hao ndio walioniuma zaidi, maana wao wanajua.

Sina ugomvi na neno elektroniki. Ugomvi wangu ni na hilo "usahau". Mtu anayetaka kulisahau gari lake hana sababu ya kumiliki gari la miaka ya sitini. Vitz zimejaa mjini, achukue moja.

Imani hii imeenea kila gereji: pointi ni ushamba, ukizing'oa na kupachika moduli ya elektroniki gari limepona. Fundi hata haulizi gari lina tatizo gani. Ukimwambia linakosa nguvu, jibu lake ni moduli. Linachelewa kuwaka asubuhi? Moduli. Nimewahi kukuta gari limefungwa moduli mpya huku kabureta inavuja petroli hadharani.

Pointi ni vichuma viwili vinavyogusana ndani ya distributa. Kemu inapozunguka huviachanisha, umeme wa koili unakatika, usumaku wake unaporomoka, na zile volti 12 za betri zinageuka maelfu kwa maelfu na kuruka kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vichuma hivyo vinafunguka mara 6,000 katika dakika hiyo hiyo. Kweli, vinachakaa. Kisigino kinachosugua kemu kinalika, nafasi inapungua, taimingi inarudi nyuma. Lakini kabla havijakuacha njiani vinakwambia! Gari linazembea mlimani. Asubuhi linahitaji kubembelezwa. Linakohoa ukikanyaga mafuta. Pointi huugua kabla ya kufa, na mgonjwa anayelalamika hutibika.

Moduli hailalamiki. Ni kidude kilichozibwa kwa plastiki, hakifunguki, hakisafishiki. Acha swichi wazi injini ikiwa imezimwa, baadhi yake zinaungua. Ifungie koili isiyolingana nayo, inaungua. Geuza waya za betri kwa bahati mbaya, imekwisha. Na ikifa inakufa yote, pale pale ilipo.

Mimi yangu ilifia Mikumi. Ndiyo, niliwahi kushawishika nikafunga, nami nikaambiwa nisahau. Saa kumi na mbili jioni, katikati ya hifadhi, barabara ya Iringa, injini ikanyamaza kama taa iliyozimwa. Hakukuwa na dalili yoyote asubuhi ile, wala njia nzima kutoka Morogoro. Mke wangu alikuwa ndani ya gari, na tembo walikuwa upande wa kulia si mbali. Lori likasimama, utingo akashuka na tochi. Chini ya kiti nilikuwa nimehifadhi sahani ya zamani na pointi zake, kwa sababu tu marehemu baba alinikataza kutupa spea inayofanya kazi. Fila geji ya kupimia nafasi ya pointi sikuwa nayo. Nafasi inayotakiwa ni kama 0.4 mm, nami nikaipima kwa kadi ya mchango wa harusi iliyokuwa mfukoni mwa shati. Ndani ya nusu saa tuliondoka. Niwekeeni mezani moduli iliyoungua, mnieleze ningeitengeneza na kadi gani.

Wengine wananiambia magari yote ya leo ni ya elektroniki, kwa hiyo na la zamani lifuate. Hoja hii ni ya kitoto. Gari la leo lina kompyuta na vihisi tangu lilipochorwa. Kuchomeka kidude kimoja kwenye distributa ya zamani hakulifanyi la leo. Na kama pointi ni za makumbusho, mtu akawaambie marubani. Cessna 172, ndege ambayo vijana wanajifunzia kurusha, imeruka miongo kwa miongo na magneto mbili, na ndani ya magneto hizo mna pointi. Watu wanapanda nazo angani, wewe unaziogopa njia ya Kibaha?

Ardhini nako, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Mwaka 1968, kwenye matope yaliyomeza karibu msafara mzima, magari saba tu yalifika mwisho, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nowicki na Cliff. Yote hayo kwa pointi.

Kinachoua sifa ya pointi ni spea feki. Niliuziwa kondensa ndani ya boksi zuri lenye nembo, ikadumu siku nne, na muuzaji akaniambia "mzee, ndivyo zilivyo siku hizi." Mwizi! Kondensa ikifa, ncha za pointi zinaungua, gari linasimama, na mwenye gari analaani pointi badala ya kumlaani aliyemuuzia takataka. Mimi sasa nazitoa kwenye magari yaliyokufa zamani, na zinadumu kuliko hizo mpya.

Mpwa wangu nimemwita Jumamosi asubuhi. Nitamvua shati lake jeupe, nimpe msasa laini, bisibisi na grisi kidogo ya kupaka kwenye kemu. Distributa nitaifungua mimi, kuifunga ataifunga yeye, kisha ataliwasha mwenyewe. Ile kadi ya mchango bado ipo kwenye droo ya gari, ina doa la mafuta pembeni, na ndiyo atakayopimia.