Tupige Hodi, Tupate Kambi

Kila mwaka hapa shuleni habari za safari zikianza, mambo huwa yale yale. Orodha hubandikwa ubaoni, mchango hutajwa, na baada ya wiki mbili majina ya waliolipa hupigwa alama. Basi huondoka alfajiri kwenda Mikumi likiwa na nusu ya darasa, na nusu ya pili hubaki bwenini kufua nguo. Jioni waliokwenda hurudi wakisimulia habari za tembo, na waliobaki husikiliza kwa adabu.

Sisemi kwamba Mikumi si mahali pazuri. Hifadhi ile ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na ingefaa kila mtoto wa nchi hii aione. Lakini nauli, kiingilio na chakula cha njiani havilipwi kwa maneno mazuri, na mzazi mwenye watoto watatu shuleni hana budi kuchagua kati ya safari na madaftari. Kwa hiyo natoa shauri: mwezi wa Agosti, shule ipige kambi ya siku mbili katika vijiji vya mlima Uluguru, ambao tunauona kila asubuhi tukiwa mstarini. Tuende kwa miguu, tulale mahali pasipotozwa fedha, na yeyote apendaye aende.

Wasomaji wataniuliza, mahali pa bure pako wapi? Hapo ndipo penye maneno. Wenzangu wengine wamesoma kwamba huko Marekani mtu aweza kuingia katika misitu mingi ya taifa, akatafuta mahali mbali na viwanja vya kulipia, akasimamisha hema lake bila kumlipa mtu, kwa kawaida hata siku 14. Hapana bomba, hapana choo, na takataka zake hurudi nazo mwenyewe. Basi wenzangu hao husema, “Na sisi tupande tu mlimani, pori ni la Mungu.”

Kwa maoni yangu, hapo wamekosea. Kwetu msitu wa juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na haiingiwi bila kibali na malipo. Chini ya msitu huo ni mashamba na nyumba za watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji katika usimamizi wa halmashauri ya kijiji chenyewe. Tena Waluguru tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi hufuata njia hiyo hiyo. Kijana tutakayemkuta na jembe huenda si yeye mwenye neno la mwisho juu ya shamba lile. Pengine mwenye neno ni bibi yake aliyeketi barazani. Konde linaloonekana tupu machoni mwa mgeni lina wenyewe, nao wanajulikana.

Je, basi mahali pa bure hapapo? Papo, tena pengi, ila hapapatikani kwa kunyemelea. Hupatikana kwa kupiga hodi. Wa kwanza kuonwa ni mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji wake, au mwenyekiti wa mtaa ikiwa bado tumo ndani ya manispaa. Mwalimu na wanafunzi wawili waende na barua ya Mkuu wa Shule wiki nne kabla ya safari, waeleze idadi yetu na siku zetu, kisha waulize. Nadhani wataonyeshwa mahali pa namna tatu. Kwanza ni kiwanja cha shule ya msingi, kwa kuwa siku ya Jumamosi hakina masomo, na choo kipo. Pili ni uwanja wa kanisa au wa msikiti. Tatu ni shamba lililokwisha kuvunwa, ambalo mwenyewe hana kazi nalo mpaka mvua za vuli. Mimi ningechagua kiwanja cha shule, maana usiku mvua ikitukuta tutapata paa la kujihifadhi.

Hata aliyeanzisha Skauti hakufanya vingine. Baden-Powell alipopiga kambi yake ya kwanza ya majaribio mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, kisiwa kile kilikuwa mali ya mtu, naye alikitumia kwa ruhusa ya mwenyewe. Vijana wake walikuwa kama 20 tu, wengine wana wa wenye nafasi, wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida, wakalala katika mahema yale yale. Mzee huyo alizikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Ikiwa mambo hayo yaliwezekana Uingereza ya zamani, sisi tuliokwisha kuvaa sare moja tunashindwaje?

Sasa nieleze hesabu, ili walimu wasidhani naota. Tuseme tu wanafunzi 24 na walimu wawili, mmoja wao wa kike. Tutatoka Ijumaa baada ya chakula cha mchana na kurudi Jumapili kabla ya jioni. Unga wa nusu kilo kwa mtu kwa siku, kwa siku mbili, ni kilo 26. Maharage kilo 8. Na chumvi, mafuta, vitunguu na majani ya chai. Vyote hivi vyaweza kutoka ghala ya shule, maana siku hizo tungalikula hapa hapa. Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu, yaani lita 130 kwa siku, nayo ya kunywa lazima yachemshwe. Tutachukua mkaa wetu, kwa sababu kuni za kijiji ni za wanakijiji. Maturubai ya shule yatatosha kuwa mahema, na magodoro tutayaacha. Mkeka na mablanketi mawili vitafaa, kwani usiku wa Agosti mlimani una baridi kuliko huku bondeni.

Mambo mawili yasifanyiwe mzaha. Moja ni moto. Agosti nyasi ni kavu, na cheche moja katika mteremko yaweza kula mashamba ya watu wengi. Jiko liwe moja, mahali palipofyekwa, na ndoo ya maji ikae kando yake usiku kucha. La pili ni vijito. Maji ya upande wetu wa mlima huingia mto Ngerengere, nao huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi tusifue wala kuoga kijitoni, na ikiwa hapana choo, shimo tuchimbe mbali kuliko mita hizo, kisha tulifukie vema.

Najua wazazi watahofia nyoka, homa, na zaidi usalama wa mabinti zao. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nasema tulale mahali ambapo kijiji kizima kinajua tupo. Kambi ya kujificha haina jirani wa kuitwa usiku, lakini kambi iliyopigiwa hodi ina mwenyekiti, ina wazee na ina zahanati inayojulikana iliko. Simu za walimu ziwe na namba zao, na kila mzazi atie sahihi barua yake kabla ya safari.

Tena tusidanganyane juu ya neno bure. Kukosa kiingilio si kukosa deni. Jumamosi asubuhi tufyeke uwanja wa wenyeji wetu, au tuwapandie miche na kuimwagia maji, na Jumapili tuwaachie mahali pasafi kuliko tulivyopakuta. Mikono hiyo kila mmoja wetu anayo, hata yule ambaye jina lake halijapata kupigwa alama ubaoni.

Kwa hiyo namwomba Mkuu wa Shule na walimu wetu waruhusu barua moja tu ipelekwe kijijini muhula huu. Wenyeji wakikataa, tutakuwa tumepoteza karatasi na matembezi ya asubuhi moja. Wakikubali, basi mwezi wa Agosti orodha ya safari itabandikwa, na kwa mara ya kwanza haitakuwa na safu ya fedha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne