Jiko lililo nyuma ya wodi

UKUMBINI, na Tumaini Sanga

Hospitali ya kanisa mimi huipima kwa jiko la ndugu wa wagonjwa. Kanisa lake dogo nitaliona baadaye, na picha za waasisi ukutani nitazitazama nikipata nafasi. Kwanza nataka kuona mahali wanapopika waliokuja kuuguza: kama pana paa, kama bomba linatoa maji, kama choo kina mlango, na kama mlinzi akipita pale anasalimia au anafukuza.

Nasema hivyo kwa sababu kila hospitali ya kanisa ninayoijua huianza siku kwa sala, na sala hiyo naipenda. Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya madaktari kupita wodini, wafanyakazi wanakusanyika. Linasomwa neno, unaimbwa wimbo mmoja kutoka Tenzi za Rohoni, aliyepangiwa zamu anaomba, kisha inasomwa ripoti ya usiku: waliolazwa, waliojifungua, waliofariki. Kwa muda huo mfupi mganga mfawidhi na mfanyakazi wa dobi wanakaa benchi moja, na mara nyingine ni huyo wa dobi anayeongoza, kwa kuwa huko mtaani kwao yeye ndiye mzee wa kanisa. Katika nchi ambayo cheo kinaamua hata nani akae wapi msibani, hilo ni jambo kubwa.

Katika sala hiyo wanaombewa wagonjwa, na wanaombewa ndugu zao. Hao ndugu wako hapo hapo, nyuma ya wodi, wanapuliza moto wa kuni mbichi. Wanaimba waliomo ndani, wao wanasikia wimbo kwa mbali na wengine wanaufuatisha huku wakikoroga uji. Ninachodai wiki hii ni kwamba sala ile ina deni kwa watu hawa, na deni lenyewe linalipika.

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Zamu ya usiku muuguzi mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima, na hata angekuwa na mikono minne asingeweza kumgeuza kila aliyevunjika nyonga, kumlisha kila asiyeweza kushika kijiko na kukimbilia dirisha la dawa kila dripu inapokwisha. Kazi hiyo inafanywa na mke, dada, mjukuu, shemeji. Wanafua mashuka, wanapika, wanamwogesha mgonjwa, wanalala chini ya kitanda au barazani.

Chukua Haydom, wilayani Mbulu. Hospitali ile ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, mahali ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe wanapakana, watu ambao lugha zao hazina undugu hata kidogo. Mama wa Kidatoga mwenye mtoto anayepumua kwa shida atahitaji mtu wa ukoo anayejua Kiswahili cha kumweleza daktari ugonjwa ulianza lini, mtoto alipewa nini nyumbani, na kwa nini walichelewa. Asipokuwepo mtu huyo, daktari bingwa naye atabaki anakisia.

Nilipomuuguza mama yangu katika hospitali moja ya kanisa Nyanda za Juu Kusini, walionifundisha kuuguza ni wanawake wa jikoni. Nilifika pale na sufuria mpya na ujinga wangu wote. Bibi mmoja wa Kikinga, aliyekuwa akimuuguza mumewe, alinitazama nikisonga ugali akasema, "Mwanangu, huyo mama yako hawezi kula kikavu. Lete hicho kisufuria." Akanionyesha uji wa kumpa mtu aliyetoka kupasuliwa: mwepesi, uliochujwa, uliopoa, kijiko kimoja kisha unasubiri. Chumvi aliifunga kwenye pindo la kitenge, na kila mgeni aliyefika bila kitu alifunguliwa pindo lile. Makaa ya mwisho ya jioni hayakuguswa, yalikuwa ya yule ambaye mgonjwa wake angetoka chumba cha upasuaji usiku.

Jioni vyombo vikishaoshwa waliomba. Hapakuwa na mchungaji wala kitabu. Kila mmoja alimtaja mgonjwa wake kwa kitanda, "wodi ya wanaume, kitanda cha nne, homa bado haijashuka," na wote wakamwombea huyo wa kitanda cha nne kana kwamba ni wa tumbo moja nao. Mama mmoja Mwislamu kutoka Usangu alikaa nasi, akaitikia amina kwa wagonjwa wa wenzake, kisha akainua mikono akasoma dua yake, nasi tukanyamaza mpaka akamaliza. Asubuhi yeye ndiye aliyekuja na habari kwamba cha nne ameomba chai.

Usiku mmoja akafariki kijana aliyelazwa karibu na mlango. Mama yake hakuwa na fedha za gari la kumrudisha kijijini. Kabla hapajakucha kanga ilikuwa imetandazwa chini na noti zinadondoka juu yake, mia tano, elfu, na mwingine akaleta kisado cha unga kwa kuwa hela hakuwa nayo. Mchungaji wa hospitali alipofika alikuta mama yule ameshikwa pande zote mbili na gari limeshaulizwa bei. Alikaa juu ya gogo kama sisi, akapokea uji kwenye kikombe cha bati, akasikiliza. Aliomba mwishoni, maneno machache, akimtaja marehemu kwa jina. Nimehudhuria ibada nyingi maishani zenye kwaya na vipaza sauti, na ile ya kwenye gogo naiweka mbele ya hizo zote.

Banda lenyewe lilikuwa nguzo nne na mabati yaliyotoboka. Mvua ilipopiga tulikimbilia baraza la wodi, na mlinzi akaja kutuondoa kwa sababu wagonjwa walihitaji utulivu. Alikuwa anatimiza amri. Aliyetoa amri alikuwa ameombea ndugu wa wagonjwa asubuhi ile ile.

Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika la makanisa lililochagua kuitwa Msamaria Mwema. Mfano huo tunausoma kila mwaka na tunapenda kumsifu Msamaria kwa mafuta na divai aliyomimina kwenye majeraha. Tunapita haraka sehemu inayofuata. Alimpandisha yule mtu kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamhudumia, akawa naye mpaka kesho yake, na alipoondoka akaacha fedha na ahadi ya kulipa zaidi. Alifanya kazi ya ndugu anayeuguza, na alihitaji mahali pa kuifanyia. Mwenye nyumba alimfungulia.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, Daktari Denis Mukwege amesimulia jinsi alivyokuwa akifuatana na baba yake, mchungaji wa Kipentekoste, kuwatembelea wagonjwa. Siku moja baba aliomba juu ya mtoto mgonjwa, akaondoka bila kumpa dawa. Mwana akataka kujua kwa nini, akajibiwa kwamba baba si daktari. Hapo akaazimia kuwa yeye atakuwa mtu wa dawa, baba aendelee kuomba. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera aliyokuwa akiiongoza ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi, chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, akiwazia zaidi akina mama wanaojifungua, na vita vikamletea wanawake waliobakwa. Dunia ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Ninachokiheshimu zaidi ni nyumba iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake hao baada ya upasuaji, Maison Dorcas, yenye jina la yule Dorkasi wa Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo. Wanaishi pamoja, wana watoto wao, wanajifunza kazi ya mikono. Panzi ilitambua kwamba mwanamke akishashonwa bado anahitaji watu wa kuishi nao.

Wanaosimamia hospitali zetu wana hoja, na sizidharau. Moshi wa kuni unaingia wodini. Kipindupindu kikizuka, banda la kupikia lisilo na maji safi ni hatari kwa hospitali nzima. Simu zinaibwa. Fedha nazo ni chache: tangu makubaliano ya Serikali na makanisa ya mwaka 1992, yaliyotuletea Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kadhaa kati ya hospitali hizi zimekuwa zikifanya kazi ya hospitali ya wilaya huku Serikali ikichangia mishahara na vifaa, na pengo linalobaki ni la hospitali yenyewe kuziba. Katibu wa hospitali akilazimika kuchagua kati ya mitungi ya oksijeni na banda la ndugu, atachagua oksijeni. Nami ningefanya hivyo hivyo.

Ila kila hoja kati ya hizo inadai jiko bora, hakuna hata moja inayodai jiko lifutwe. Nimeona majengo mapya yenye vigae na viyoyozi ambamo mchoraji alikumbuka maegesho ya magari akasahau kabisa kwamba kila kitanda kina mtu wa pili. Jiko likivunjwa, ndugu hawaondoki. Wanahamia nje ya uzio, kando ya barabara, na mgonjwa anakula chakula cha kununua kwa bei wasiyoimudu, au analala na njaa.

Kuna sababu nyingine, na wenye hospitali waifikirie. Anayeamua kama mgonjwa amalize matibabu au atolewe ni ndugu. Mwaka 2011 tuliona watu wakitolewa vitandani na kupelekwa Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyosemwa inaponya. Waliokuwa wakiwabeba ni hao hao waliokuwa wakipika nyuma ya wodi. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamechoka, hakuna aliyekuwa amekaa nao kuwaeleza ugonjwa unakwendaje, na walisikia kwamba mahali fulani kuna anayewapokea. Mchungaji anayefika jikoni kila jioni, pamoja na muuguzi mmoja anayeweza kujibu maswali, wangewabakiza wengi wao wodini.

Sala ipelekwe huko, tena kwa adabu. Ndanda na Nyangao, hospitali zilizoanzishwa na Wabenediktini kule kusini, zimekuwa zikiwahudumia Waislamu wengi kwa miongo kadhaa, na Mwislamu aliyelala kitandani hawezi kuinuka akaondoka mahubiri yasipomfaa. Swali la "nikuombee?" liulizwe kwanza, na jibu la hapana lipokelewe kwa uso ule ule. Aliyekataa sala bado anaweza kuhitaji mtu wa kukaa naye. Na mhubiri anayekuja na kipaza sauti kumwambia mgonjwa aache dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa kuwa ameshaponywa asivuke geti, hata akiwa na kadi ya dayosisi. Tenwek kule Bomet, Kenya, wana msemo kwamba wao wanatibu na Yesu ndiye anayeponya. Maneno hayo nayaamini, na nayaelewa kwamba kutibu hakuachwi hata siku moja.

Banda la ndugu, basi, liwe mzigo wetu sisi waumini. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu walikubaliana miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, na leo jumuiya hizo zipo kila mtaa. Walutheri na Wamoravian nao wana zao. Jumuiya zilizo karibu na hospitali zigawane siku: hii Jumanne, ile Alhamisi, zikasali jikoni na waliopo, zikibeba kuni na sabuni. Baada ya mwezi mmoja kila mwanajumuiya atajua bomba gani halitoi maji na nani amekaa wiki kadhaa hajapata nguo ya kubadilisha. Uongozi wa hospitali utoe kiwanja, usimamie usafi na kuweka mtu mmoja wa kusikiliza malalamiko. Majiko sanifu yanayookoa kuni yanajengwa na mafundi wetu wenyewe kwa udongo na matofali. Parokia zetu na sharika zetu zinajenga kumbi za harusi, na sijawahi kuona harambee ya ukumbi ikakosa saruji.

Tarehe 11 Februari Wakatoliki huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992. Wanawake Wakatoliki wa WAWATA watakwenda hospitalini na sabuni, sukari na mafuta, watapita kitanda kwa kitanda, na wanafanya vizuri. Wenyeviti wao naomba wafanye jambo moja kabla ya siku hiyo: watume watu wawili wakae jikoni kutwa moja, waulize wanaouguza wanahitaji nini, kisha orodha hiyo isomwe kanisani Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa.