Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TARI: Tikiti nalo lipate mtafiti wake

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI),
Dodoma.

Yah: Ombi la nafasi ya utafiti wa mbegu za matikiti, Kituo cha Mlingano

Nakuandikia kutoka Muheza, nikiwa mkulima wa matikiti, na ombi langu ni moja. TARI itenge nafasi ya ufadhili kwa kijana mmoja mtafiti wa mbegu, akae Mlingano miaka isiyopungua 8, na kazi yake iwe kutuzalishia tikiti linalostahimili magonjwa ya pwani hii.

Ugonjwa unaotumaliza ni mnyauko. Mche unatambaa vizuri, unatoa maua, matunda yanafikia ukubwa wa ngumi. Siku moja adhuhuri unakuta tawi moja limelegea na mengine yako sawa. Jioni linainuka, nawe unadhani ilikuwa kiu, unafungulia maji. Siku chache baadaye mche mzima umelala. Pasua shina kwa kisu karibu na udongo, utaona mishipa ya ndani imekuwa ya kahawia. Huo ni ukungu wa fusari. Ukishaingia shambani hukaa udongoni zaidi ya miaka 10, na dawa ya kupuliza majani haiufikii. Watu wanapuliza hata hivyo, maana ndiyo dawa wanayoiona dukani, na gharama inapanda juu ya hasara. Mwenye uwezo anakodi shamba jingine. Asiye nao anarudi kwenye mahindi, na Ramadhani inapoingia, bei ikiwa nzuri, hana cha kupeleka soko la Mgandini, Tanga mjini.

Mbegu tunazopanda hazikuzaliwa hapa. Crimson Sweet, ambayo kila mkulima anaijua, ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 1963, ikiwa imechaguliwa kustahimili fusari na chule. Ni kazi ya kuheshimika, ila ilifanywa kwa ajili ya mashamba ya kule. Fusari ina makundi yake, na mbegu inayolishinda kundi moja huangushwa na jingine. Makundi gani yako Muheza, na yapi Pangani au Mkinga? Kijana wetu aanzie hapo.

Ustahimilivu wenyewe asili yake ni Afrika. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mmarekani W. A. Orton alichavusha tikiti tamu liitwalo Eden na tikiti gumu la Kiafrika, lisilo na utamu, ambalo hulishwa mifugo. Mwaka 1911 akatoa aina ya Conqueror. Haikutamba sokoni, lakini wazalishaji waliofuata waliitumia kama mzazi.

Na mkoa huu, Ndugu Mkurugenzi, umewahi kuifanya kazi ya namna hii kwa muhogo. Miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, katika kituo cha utafiti cha Amani hapo juu milimani, walianza kutafuta muhogo usiouawa na ugonjwa wa batobato. Walipoona ustahimilivu wa mihogo ya kawaida hautoshi, wakauchavusha na jamaa zake, ukiwemo mpira, mti ule ule ambao majani yake tunapika kisamvu. Uzao wa kwanza ulihimili ugonjwa lakini mizizi yake haikufaa chakula. Wakaurudisha kwa muhogo, wakachagua, wakaurudisha tena na tena mpaka mizizi ikawa mihogo ya kuliwa. Derek Jennings akaipokea kazi hiyo na kuiendeleza hadi miaka ya 1950. Mbegu za Amani zilifika Nigeria, na katika uzao wake likapatikana chaguo namba 58308, ambalo taasisi ya IITA ya Ibadan ililitumia miaka ya 1970 kuzalisha mihogo iliyosambaa Afrika.

Kazi ile ilichukua takribani miaka 20. Mradi wa miaka mitatu ungefungwa kabla mizizi haijanenepa, na ndiyo maana nasisitiza muda. Tikiti lina unafuu wake: kutoka mbegu hadi kuiva ni kama miezi mitatu, kwa hiyo kwenye umwagiliaji unaweza kupata vizazi vitatu kwa mwaka.

Najua mazao ya bustani yana kituo chao Tengeru. Msimamizi wa kijana huyu na awe wa huko, lakini shamba liwe Mlingano, kwenye joto na unyevu ambamo magonjwa haya yanatupiga. Mlingano inajulikana kwa mkonge na udongo, na uzalishaji wa mbegu si mgeni huku: mkonge chotara namba 11648, unaolimwa hadi China, ulitokana na kazi ya Amani na Mlingano.

Mbegu ikisubiriwa, lipo la kufanya mapema. Wajapani walianza miaka ya 1920 kubebesha tikiti juu ya mimea jamii ya boga na mung'unye, ambayo fusari ya tikiti haiiui. Muheza tunajua kubebesha, machungwa yetu tunayabebesha juu ya limau. Tunachohitaji ni mtu wa kutuonyesha mche laini wa tikiti unavyofungwa bila kuoza, na shina gani halitaharibu ladha ya tunda.

Mbegu itakayopatikana isiwe chotara ya kununuliwa kila msimu. Iwe ya uchavushaji huria, ithibitishwe na TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu, na vikundi vya wakulima viruhusiwe kuizalisha kama mbegu za kuazimiwa ubora.

Zaidi ya shamba la Mlingano, mtafiti atahitaji udongo wenye ugonjwa, kwa sababu mche hauwezi kupimwa mahali ambapo hakuna adui. Ninayo robo eka iliyoambukizwa, yenye maji jirani. Naitoa bure kwa miaka yote 8. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, naomba nafasi hii iingizwe kwenye bajeti ijayo.

Wako katika kilimo,
Mkulima wa matikiti,
Muheza, Tanga.