Nani Kasema Barabara ni ya Magari?

Imani kwamba barabara ni mali ya magari, na kwamba baiskeli hupita hapo kwa hisani tu, ndiyo inayozaa karibu kila ubabe anaokutana nao mwendesha baiskeli jijini Dar es Salaam. Haifundishwi popote kwa maneno hayo. Husikika kwa konda anayegonga bati la daladala na kumfokea mbeba mkaa, "Mzee, pembeni! Pisha gari!" Husikika katika honi ndefu inayopigwa mita tatu nyuma ya mgongo wa muuza samaki aliyetoka Feri asubuhi. Na baada ya ajali, hutoka katika midomo ya watu waliozunguka kuangalia: "Na yeye naye, baiskeli barabara kubwa alikuwa anatafuta nini?" Anayeuliza hivyo hasubiri jibu, ingawa jibu lipo na ni fupi. Alikuwa anatafuta Kariakoo, kama abiria wote waliokuwa ndani ya daladala iliyomgonga.

Kwa umri, madai ya gari ni dhaifu. Karl Benz alisajili gari lake mwaka 1886. Miaka sita kabla ya hapo, waendesha baiskeli wa Marekani walikwishaunda chama chao, League of American Wheelmen, na mwaka 1892 kilianza kutoa jarida la Good Roads kuishinikiza serikali ijenge barabara nzuri, wakati ambapo magari yalikuwa bado ya kuhesabika. Tairi la upepo nalo lilianza kuenea baada ya John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, kulifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe na kulisajili mwaka 1888. Daladala inayoipigia baiskeli honi inatembelea kitu kilichobuniwa kwa ajili ya baiskeli ya mtoto. Hata bodaboda, inayomchomekea mwenye baiskeli bila kumtazama, imerithi jina lake kutoka kwa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, kabla pikipiki hazijachukua kazi hiyo.

Kisheria hali ni hiyohiyo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamwita dereva mtu yeyote anayeendesha gari au chombo kingine, na unaitaja baiskeli waziwazi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, ina masharti yanayomhusu mwenye baiskeli. Wala hakuna maana ya kumwekea mtu masharti ya kutumia mahali asipokuwa na haki ya kuwapo. Njia ambazo baiskeli imekatazwa jijini zipo, nazo ni za mabasi ya mwendokasi. Huko mwenye gari dogo anakatazwa kama anavyokatazwa mwenye baiskeli.

Linabaki dai la fedha, na hili hutolewa kwa kujiamini kuliko yote: wenye magari ndio wanaolipia barabara. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa Tanzania katika bajeti ya mwaka 2017, na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Mafuta yenyewe yalikuwa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa hiyo mbeba mkaa ambaye nyumbani kwake kulikuwa na kibatari au jiko la utambi aliongezewa mzigo siku ileile mwenye gari alipofutiwa ada. Aliyesaidia kufidia leseni ya mwenzake ndiye anayeambiwa hajalipia lami.

Tena kulipa huendana na kuharibu. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Gari dogo la kilo 1,500 huweka kilo 750 kwenye kila ekseli. Baiskeli na mtu wake, kilo 50 hivi kwa kila gurudumu. Tofauti ya uzito ni mara 15, lakini tofauti ya uharibifu inazidi mara 50,000. Na mwenye gari dogo asishangilie haraka, kwa sababu ekseli ya lori ya tani 10 humzidi yeye kwa zaidi ya mara 30,000. Kama haki ya kupita ingepimwa kwa mchango huo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuambiwa ashuke ampishe lori.

Imani hii hudhuru zaidi inapogeuka kuwa amri ya "kaa pembeni". Amri hiyo inaonekana ya busara mpaka hapo pembeni penyewe patazamwe kwa karibu. Nusu mita ya mwisho ya lami ndipo mvua inapotua mchanga na vipande vya chupa. Lami yenyewe imemeguka, ikaacha ngazi ya sentimita kadhaa inayokwenda sambamba na barabara, yaani sambamba na tairi. Gurudumu jembamba likiteleza kwenye ngazi hiyo haliwezi kurudi juu kwa pembe ndogo. Hukwama ubavu, na mwendeshaji huangukia upande wa magari. Kinachofuata ni mfuniko wa chemba uliozama, kisha mtaro usiofunikwa, kisha bodaboda watatu wanaosubiri abiria, kisha muuza mahindi na jiko lake. Aliyebeba magunia mawili ya mkaa kwenye keria ana taabu zaidi, kwa kuwa uzito wote uko nyuma, usukani umekuwa mwepesi, na gurudumu la mbele linayumba kwa kila kokoto. Mtu huyo akiendesha mita moja kutoka ukingoni hajafanya kiburi. Ameiweka baiskeli mahali pekee inapoweza kwenda moja kwa moja, na mahali ambapo dereva anayekuja nyuma analazimika kumwona.

Kosa la kwanza la dereva ni kumpita mtu huyo kwa kubana. Usukani wa baiskeli una upana wa sentimita 60 hivi, na magunia hujitokeza zaidi. Kioo cha pembeni cha daladala kiko usawa wa bega au kichwa. Lori likipita karibu, upepo wake humsukuma mwendeshaji nje kwanza, halafu likishamaliza kupita humvuta ndani, kuelekea kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana Hispania inamtaka dereva aache mita 1.5 anapoipita baiskeli, na Ujerumani iliweka kipimo hichohicho kwa mijini mwaka 2020. Dereva wa Dar es Salaam akiulizwa aliacha nafasi gani, mara nyingi hujibu kwamba hakumgusa. Kwake kipimo ni kugusa.

La pili ni kukata kona. Dereva anaipita baiskeli, na papo hapo anakunja kushoto kuingia kituo cha mafuta au mtaa wa pembeni, indiketa ikiwaka baada ya usukani kugeuzwa, kama itawaka. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hula mita nne kwa sekunde. Ikiwa ni Phoenix ya kizamani yenye breki za vyuma, na mvua imenyesha, rimu lazima izunguke kwanza mpira wa breki uifute maji ndipo ianze kushika. Gari lililopita limejigeuza ukuta. La ajabu ni kwamba dereva huyo alikuwa akiwahi sekunde tatu, na mara nyingi mataa yaliyo mbele humkamata na mwenye baiskeli humkuta hapohapo akiwa amesimama.

Kufungua mlango bila kutazama nyuma ni kosa la tatu, na halihitaji maelezo marefu: mlango wa gari dogo ukifunguka wote huchukua karibu mita moja, yaani sehemu yote aliyoambiwa mwenye baiskeli apite.

Kisha kuna kutanua. Foleni ikishika, magari huacha njia na kupanda bega la barabara, wakati mwingine mpaka njia ya waenda kwa miguu, yakimpigia honi kila aliyemo humo. Dereva aliyesema jana kwamba baiskeli ikae pembeni leo anaitaka pembeni ileile. Hapo ndipo imani yote inapojifichua. Kama shabaha ingekuwa usalama wa mwenye baiskeli, pembeni pangekuwa pake hata wakati wa foleni. Kinachodaiwa ni kwamba gari lina haki ya mahali popote linapopahitaji, na baiskeli ina haki ya mabaki.

Utetezi unaosikika sana ni kwamba dereva wa daladala ana shida zake. Ni kweli kwamba ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na kila abiria anayeachwa kituoni ni pengo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana hukatiza ghafla kutoka katikati mpaka kituoni huku konda akipunga mkono. Lakini mwenye gari jeupe la kwenda ofisini hana hesabu ya tajiri, wala abiria wa kugombea, na yeye hupita karibu vilevile. Umaskini wa daladala hauwezi kueleza tabia ya mtu mwenye mshahara.

Utetezi wa pili ni kwamba waendesha baiskeli wenyewe hawana nidhamu. Wapo wanaokwenda usiku bila taa, wapo wanaopita taa nyekundu, na wapo wanaokuja kinyume na mkondo wa magari. La mwisho lina sababu ambayo aliye kwenye gari haioni: barabara imegawanywa katikati kwa ukingo wa zege, mahali pa kugeuzia pako mbali, na gari hupafikia kwa dakika mbili wakati mwenye mzigo wa samaki hupafikia akiwa hoi. Sababu hiyo haifuti kosa. Ila makosa hayalingani kwa madhara. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya mwendo inayozidi mara 160 ile ya mtu na baiskeli yake, kilo 100 zinazokwenda kilomita 15 kwa saa. Mwenye baiskeli anayekosea kwa kawaida hujihatarisha mwenyewe. Mwenye gari akikosea, anayeumia huwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ni vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Wapo pia wanaokata tamaa na kusema kwamba heshima kwa baiskeli ni ustaarabu wa Wazungu. Lakini Uholanzi ya mwaka 1971 iliua zaidi ya watu 3,000 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani wakidai mauaji ya watoto yakome, mafuta yakapanda bei mwaka 1973, na serikali ikaanza kuzitengea baiskeli njia. Leo sheria ya huko humbebesha mwenye gari mzigo wa fidia anapomgonga mwenye baiskeli, hata kama huyo wa baiskeli ana sehemu ya kosa. Hakuna aliyezaliwa na ustaarabu huo.

Dar es Salaam yenyewe imekwishajaribu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, njia yake ya kilomita 21 hivi ilikuja na njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, na tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 ikaletwa jijini, mara ya kwanza kwa mji wa Afrika. Zege lilimwagwa lakini imani haikuguswa. Asubuhi njia hizo hukutwa na meza za mitumba, magari yaliyoegeshwa "dakika moja tu", na pikipiki zinazokwepa foleni kwa mwendo wa barabara kuu. Pikipiki ikimkuta mtu wa baiskeli mbele yake haipunguzi mwendo. Anayepigiwa honi apishe, katika njia iliyojengwa kwa ajili yake, ni mwenye baiskeli.