Wahafidhina wa Texas wautetee upepo wao hadharani

Mwezi Mei 2025, miswada mitatu iliyokusudiwa kuibana nishati ya upepo na jua ilikufa ndani ya Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas. Seneti ya jimbo, inayoongozwa na Naibu Gavana Dan Patrick, ilikuwa imeipitisha yote mitatu. Barazani haikufikishwa kwenye kura ya mwisho. Muda wa kikao ulikwisha nayo ikafia hapo. Chama cha Republican kina wingi wa viti katika mabaraza yote mawili, kwa hiyo walioizuia miswada hiyo ni wahafidhina wenyewe, na waliizuia kimya kimya.

Matokeo tunayaunga mkono. Njia iliyotumika hatuwezi kuisifu. Mbunge anayejua kwamba mswada utawaumiza watu waliomtuma ana wajibu wa kusimama, kusema hivyo, na kuhesabiwa kwa jina lake. Kuungoja muda uishe ni kuukwepa wajibu huo.

Miswada yenyewe haikuwa midogo. Mswada wa Seneti SB 819 ulitaka kila mtambo mpya wa upepo au jua wa megawati 10 na zaidi uombe kibali cha Tume ya Huduma za Umma, sharti ambalo mitambo ya gesi haikuwekewa. SB 388 ulitaka nusu ya uwezo mpya wa umeme itokane na vyanzo vinavyoweza kuwashwa wakati wowote, na ukakataa betri zihesabiwe humo. SB 715 ulikwenda mbali zaidi: wenye mitambo iliyokwisha kujengwa, ambao fedha zao ziliwekwa chini ya sheria nyingine, walazimishwe kugharamia umeme wa akiba. Ni vigumu kuona mhafidhina angeutetea vipi mswada wa namna hiyo. Miaka yote wahafidhina wa Texas wamejinadi kwa mambo matatu: mwenye ardhi aamue atakachofanya juu ya ardhi yake, soko liachwe lichague, na serikali isibadili masharti baada ya mtu kuweka fedha zake. Anayeyashika mambo hayo kinapochimbwa kisima cha mafuta, kisha akayasahau jirani yake anaposimika mtambo wa upepo, amebaki na upendeleo mtupu.

Wala hawawezi kudai kwamba upepo waliletewa na watu wa mbali. George W. Bush, aliyekulia Midland kwenye mafuta, ndiye aliyetia saini, akiwa gavana mwaka 1999, sheria iliyofungua soko la umeme la Texas na kuagiza megawati 2,000 za nishati jadidifu ziongezwe ifikapo 2009. Gavana aliyemfuata, Rick Perry, ambaye hakuna atakayemwita mliberali, alitia saini mwaka 2005 sheria iliyolipandisha lengo hilo na kuruhusu njia za umeme zijengwe kuufuata upepo ulipo. Zikajengwa: takribani kilomita 5,800 za msongo mkubwa, kutoka nyanda za magharibi na kaskazini hadi miji mikubwa ya mashariki, kwa dola zinazokaribia bilioni 7, gharama iliyobebwa na watumiaji wa umeme kote katika gridi ya jimbo. Lengo la megawati 10,000, lililopangiwa mwaka 2025, lilifikiwa miaka 15 kabla. Leo hakuna jimbo la Marekani linalozalisha umeme mwingi wa upepo kuliko Texas, jimbo lilelile linaloongoza kwa mafuta ghafi.

Nenda Roscoe, katika Kaunti ya Nolan, nchi ya pamba. Mwaka 2009 ulikamilika hapo mradi wa upepo wa megawati 781.5, mitambo 627 iliyosimama katikati ya mashamba, na wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wote duniani. Mkulima huendelea kulima chini ya mtambo na hulipwa kwa ardhi yake, mvua inyeshe isinyeshe. Kaunti na shule hupata kodi. Wabunge wa kaunti za namna hii wanaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Tunakiri kwamba si kila aliyeingia humo alipata. Mji wa Georgetown, chini ya meya Mrepublican Dale Ross, mhasibu kwa taaluma, ulisaini mikataba ya muda mrefu ya upepo na jua ili bei isiyumbe. Ulinunua umeme kuliko uliohitaji, na bei ya soko iliposhuka ziada ikauzwa kwa hasara ya mamilioni ya dola. Kosa hilo ni la kupima mahitaji, na anayeitetea nishati safi analo jukumu la kulitaja pia.

Lakini liko jambo zito kuliko fedha. Februari 2021 baridi kali iliiangusha gridi ya Texas. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikosa umeme, na jimbo lenyewe likahesabu vifo 246.  Watu wakiwa bado wanatetemeka, Gavana Greg Abbott alitokea katika televisheni ya Fox akautupia lawama upepo na jua. Baadaye alikubali kwamba kila chanzo kilikuwa kimepata hitilafu, lakini neno la kwanza lilikwisha kusafiri. Uchunguzi wa serikali kuu uliotolewa Novemba mwaka huo ulionyesha kwamba, katika eneo lote lililokumbwa na baridi, asilimia 58 ya mitambo iliyoshindwa ilikuwa ya gesi. Mabomba na visima viliganda, na baadhi ya vituo vya gesi vilikatiwa umeme ambao vyenyewe viliuhitaji ili kuilisha mitambo. Mitambo ya upepo iliganda pia. Kuwaeleza wafiwa sababu halisi ni deni la kiongozi, na deni hilo halikulipwa lilipotakiwa.

Leo hata wenye mafuta wanauhitaji umeme wa gridi hiyo. Bonde la mafuta la Permian linaendesha mashine zake kwa umeme kwa kiwango kinachoongezeka kila mwaka, na Aprili 2025 Tume ya Huduma za Umma iliidhinisha njia za msongo wa kilovolti 765 za kulipelekea umeme.

Washington imetuonyesha ukimya huishia wapi. Machi 2025 wabunge 21 wa Republican katika Baraza la Wawakilishi la Marekani waliandika barua wakiomba nafuu za kodi za nishati zisifutwe kiholela. Mwezi Julai, sheria iliyozikata vibaya nafuu za upepo na jua ilipofika kwenye kura ya mwisho, Warepublican wawili tu katika Baraza zima waliikataa.

Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili, na kikao kijacho kinaanza Januari 2027. Miswada kama ile ikirudi, tunawataka wabunge wa kaunti za magharibi wasimame barazani, wataje fedha zinazoingia katika shule zao, waisome ripoti ya Novemba 2021 mbele ya wenzao, na wadai kura ya majina.