Rangi za Maji Wakati wa Kipupwe



Masika yamekwisha, lakini kipupwe cha mwaka huu kimetukalia hapa Ngarambe kama mgeni asiyetaka kuaga. Ukungu hulala juu ya majani, na umande haukauki mpaka jua limekwisha kupanda. Wakati huo jirani yetu, mzee wa makamo ya babu zetu, alitusihi tumchoree mkwaju wa marehemu baba yake, kwa kuwa umeoza shina na wanawe wameazimia kuukata.

Alipoona kopo letu, akauliza, “Mwalimu, maji tena? Maji yalikwisha kutuponza hapa.” Alimkumbuka Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu dawa ya maji papa hapa Ngarambe, akanyongwa na Wadachi huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vile viliendelea hata mwaka 1907. Tukamjibu, “Babu, maji haya hayazuii risasi; hata umande hayauwezi.”

Neno lile lilitimia. Tulipaka mbingu, na kabla haijakauka tukatia majani. Kijani kikapanda mbinguni, kikaenea kote. Mzee akatazama, akasema, “Hii ni mvua, si mkwaju.” Tukaona haya, maana tulifanya haraka kwa sababu ya baridi, na mti ulikuwa umebakiwa na siku tatu tu.

Kesho yake tulifuata kanuni tuliyoijua tukaidharau. Rangi hafifu hutangulia, nayo huachwa ikauke, nzito hufuata. Palipo na mwanga, karatasi huachwa nyeupe, kwani weupe ukifunikwa haurudi vema. Na ukitaka kujua kama imekauka, igusishe mgongo wa kidole: ikiwa baridi, maji yangalimo.

Katika kungoja, mzee alitusimulia ni nani waliopumzika chini ya mti ule, na nani aliagwa hapo asirudi. Habari hizo tusingalizipata siku ya haraka. Siku ya tatu tukamaliza. Siku ya nne shoka likaja. Picha i nyumbani mwake, nao wajukuu huonyeshwa.

Basi, ndugu walimu, mkitoka na watoto wakati wa baridi, msiwakemee rangi inapokawia kukauka. Waketisheni karibu na mzee, wamwulize habari za mahali wanapopachora.